Tununue Kompyuta kwa Kuangalia Draiva

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Hapa Kampala habari hiyo ilipita kimyakimya. Kwenye kompyuta nyingi za mjini Windows huwekwa na fundi kutoka kwenye flashi yake, mwenye mali haulizi imetoka wapi, na masasisho yalishazimwa zamani ili yasimalize bando. Hata hivyo tarehe hiyo inatuhusu kuliko tunavyodhani. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Pita basi kwenye maduka ya laptopu za mtumba, kuanzia Kampala Road hadi Wandegeya, usome majina ya mashine zilizopangwa mezani: HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T450, Dell Latitude E7450. Ya kwanza ni kizazi cha sita, hizo mbili ni kizazi cha tano. Ndizo mashine ambazo mwanafunzi wa Makerere au karani wa Nakawa anazimudu, na zote zimefungiwa mlango.

Mashine hizi hazijafa. Kibodi zake ni imara kuliko za laptopu mpya za bei nafuu, betri zinabadilishika, na ukiongeza RAM na kuweka SSD zinafanya kazi za ofisi bila kulalamika. Linux inazikubali zote. Ubuntu, Debian au Linux Mint itaingia ndani ya nusu saa, na mtumiaji atapata mfumo endeshi halali, unaosasishwa, usio na virusi vya flashi ya mtaani. Natumia Linux kwa kazi zangu zote, na ninaamini ndiyo njia ya heshima kwa mji wenye kipato kama chetu. Lakini nimeona watu wengi wakiijaribu kwa hamu kubwa, kisha kufikia wiki ya pili wamerudi kwa fundi waombe Windows. Ukiwauliza kilichowarudisha, ni wachache watakaoutaja mfumo wenyewe. Watakuambia wifi ilikataa. Printa ilikataa. Sauti haikutoka. Walishindwa na draiva.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Uganda imezungumza habari za programu huria kwa zaidi ya miaka 20, ikaandaa sera na kukaribisha mikutano, huku ikiendelea kununua vifaa bila kuuliza swali la draiva. Sera ya programu bila sera ya vifaa haitekelezeki. Aliyekabidhiwa mashine ambayo wifi yake haiwaki hana muda wa kusikiliza falsafa ya uhuru.

Tuelewane kwanza draiva ni nini, maana jambo hili hufanywa gumu bila sababu. Kiini cha mfumo endeshi huitwa kerneli. Kerneli ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga kazi za prosesa na inayozungumza na vifaa. Lakini kila chipu ina lugha yake: chipu ya wifi ya Intel haisemi kama ya Realtek, na mbili za Realtek zilizopishana mwaka mmoja zinaweza zisielewane kabisa. Draiva ni mkalimani anayesimama kati ya kerneli na chipu. Zaidi ya hapo chipu nyingi za siku hizi zina programu ndogo ambayo lazima ipakiwe ndani yake kila zinapowashwa, yaani fimwea, na mara nyingi fimwea hiyo ni mali ya kampuni na msimbo wake haujulikani. Kwa miaka mingi Debian haikuiweka fimwea ya aina hiyo kwenye diski yake rasmi, kwa kulinda misimamo yake. Mtu akisakinisha anaambiwa atafute fimwea ya wifi mwenyewe, na intaneti hana, kwa sababu wifi ndiyo hiyo inayosubiri fimwea. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kubadili utaratibu huo, na toleo la 12 lililotoka Juni 2023 likaja na fimwea ndani. Nilifurahi sana. Wapo waliouona kuwa usaliti, na hoja yao naiheshimu, ila huku kwetu uamuzi ule uliwafungulia watu njia.

Jambo kubwa zaidi, ambalo wauzaji hawalisemi na wanunuzi wengi hawalijui, ni kwamba draiva za Linux ziko za aina mbili. Kuna zilizomo ndani ya kerneli rasmi, zile zilizokaguliwa na watunzaji wake na zinazosafiri pamoja na kila toleo jipya. Hizi husahaulika kabisa: unawasha mashine na kila kitu kipo. Halafu kuna za nje, ambazo kampuni imezitupa mahali fulani kama furushi la msimbo, ujitengenezee mwenyewe. Ukizisikia kampuni zikijigamba kuwa kifaa chao "kinakubali Linux", mara nyingi zinamaanisha aina hii ya pili.

Draiva ya nje ina mateso yake, na nitayaeleza kwa sababu ndiyo yanayowakimbiza watu. Kwanza unahitaji kupakua vifaa vya kuitengenezea, yaani kikusanyaji cha msimbo na vichwa vya kerneli vinavyolingana sawasawa na toleo ulilonalo. Ukimaliza, mashine nyingi zenye ulinzi wa Secure Boot zitaikataa draiva yako kwa kuwa haina saini. Itabidi usajili ufunguo wako, uwashe mashine upya, upite kwenye skrini ya bluu inayodai nywila uliyoiweka dakika chache zilizopita. Wengi huiona skrini hiyo, wakadhani wameua kompyuta, wakazima. Na hata ukifaulu, wiki tatu baadaye kerneli itasasishwa usiku, draiva yako iliyotengenezwa kwa kerneli ya jana haitakubaliana na ya leo, na Jumatatu asubuhi wifi haipo. Upo utaratibu wa DKMS unaoitengeneza upya draiva kila kerneli inapobadilika, na unasaidia, mpaka siku msimbo wenyewe unapokuwa mzee kiasi cha kutokubalika tena na kerneli mpya.

Chukua mfano wa chipu ya wifi ya Realtek RTL8821CE, iliyowekwa kwenye laptopu nyingi za bei nafuu. Draiva yake iliingia kwenye kerneli rasmi katika toleo la 5.9, Oktoba 2020. Laptopu zenye chipu hiyo zilikuwa madukani kabla ya hapo. Aliyeinunua mapema alinunua kazi ya kujitengenezea draiva bila kuambiwa. Aliyesubiri akaikuta ikiwaka yenyewe. Mashine ni ileile.

Mfano wa RTL8723BE ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu ndani yake draiva ipo, imo kwenye kerneli, na bado watu waliamini kompyuta zao ni mbovu. Chipu hii ina sehemu mbili za kuunganishia antena. Baadhi ya laptopu za HP zilitoka kiwandani na antena moja tu, ikiwa imechomekwa upande ambao draiva haikuutazamia. Matokeo yake wifi ilionekana kuwa hai: ikiorodhesha mtandao ulio karibu kabisa, ikiunganika ukikaa mita moja kutoka kwenye ruta, na ukirudi kitini kwako inakatika. Mwanafunzi wa hosteli za Kikoni akikumbana na hali hiyo atalaumu ruta, atalaumu kampuni ya mtandao, na mwisho atailaumu Linux. Dawa yake ni mstari mmoja ndani ya faili dogo kwenye folda ya /etc/modprobe.d:

options rtl8723be ant_sel=2

Kwenye mashine nyingine namba ni 1 badala ya 2. Unahifadhi, unawasha upya, na mtandao unajaa hadi chumba cha tatu. Herufi na tarakimu zisizofika 30 ndizo zilizokuwa zikitenganisha laptopu nzima na jalala.

Tuliyepaswa kumshukuru kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo ni mzee mmoja Mmarekani aitwaye Larry Finger. Huyu hakuwa mtu wa kompyuta kwa taaluma. Alikuwa mwanasayansi wa madini na fuwele, aliyefanya kazi katika maabara ya jiofizikia ya Taasisi ya Carnegie, na yapo madini yaliyopewa jina la fingerite kwa heshima yake. Kuanzia mwaka 2005 hivi, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 60, alijitia katika kazi ya draiva za wifi. Alianza na chipu za Broadcom, wakati ambapo kampuni hiyo haikutoa maelezo yoyote, na kundi dogo la watu likalazimika kuchunguza draiva iliyofungwa ya kampuni hiyo hatua kwa hatua ili kujua chipu inaambiwa nini. Kampuni yenyewe ilikuja kutoa draiva huria Septemba 2010, tena kwa chipu zake mpya tu. Baadaye Finger akahamia Realtek, akazitunza draiva zao kwa miaka, akijibu maswali ya watu asiowajua mmoja baada ya mwingine. Alifariki Juni 2024 akiwa na miaka 84, akiwa amechangia marekebisho zaidi ya 1,500 kwenye kerneli.

Sijui kama kuna mtu Kampala aliyemwombolezea. Lakini laptopu za mji huu zilizoingia mtandaoni kwa jasho lake ni nyingi, na wenye nazo hawalijui jina lake. Ninamtaja kwa sababu kazi yake inatufundisha pia jambo la kutia wasiwasi: kampuni zenye mabilioni ziliacha mzigo wao ubebwe na mstaafu aliyejitolea. Tunaponunua vifaa bila kuuliza draiva, tunaziambia kampuni hizo ziendelee hivyohivyo.

Wapo mafundi wanaolielewa hili kuliko maofisa wetu. Pale Wandegeya kuna kijana ambaye meza yake haizidi upana wa mlango, na nimemwona akimhudumia msichana wa uuguzi aliyekuja na fedha mkononi kununua ThinkPad. Msichana alikuwa tayari kulipa.

"Nnyabo, usilipe kwanza," fundi alimwambia. Akachomeka flashi yenye Linux Mint, akawasha mashine kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski. Akafungua dirisha la amri, akaandika lspci -nnk, akashuka taratibu hadi kwenye mstari wa mtandao. Akageuza skrini. "Unaiona hii namba ya mbele? 8086. Hiyo ni Intel. Draiva yake imo humu humu ndani."

"Na ingekuwa namba nyingine, ssebo?"

"Ingekuwa 14e4, hiyo Broadcom, ningekwambia tubadilishe kadi au uchukue mashine nyingine. Ikiwa 10ec, Realtek, tunaangalia ni ipi."

Kisha akacheza wimbo kupima spika, akafungua kamera, akafunika laptopu mpaka ikalala, akaifunua aone kama itaamka na wifi yake. Iliamka. Kisoma alama za vidole hakikufanya kazi, naye akamwambia wazi kuwa kwa mashine ile asikitegemee. Dakika kumi hazikutimia. Kwa maoni yangu, ukaguzi ule ulikuwa makini kuliko wa zabuni nyingi za serikali, na ulifanywa kwa flashi moja tu.

Kutokana na ukaguzi wa aina hiyo nimejifunza kitu ambacho huwashangaza wanunuzi. Laptopu ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi, yenye miaka minane au kumi, mara nyingi inakubaliana na Linux kuliko laptopu mpya ya bei rahisi iliyo kwenye boksi. Mashine za ofisi nyingi zina wifi ya Intel, na wahandisi wa Intel wenyewe huandika draiva zao na kuzipeleka kwenye kerneli rasmi. Laptopu mpya ya bei ya chini hupunguza gharama kwenye chipu ndogondogo, na wifi huwa ya kwanza kupunguzwa. Kwa hiyo mzazi anayejinyima amnunulie mwanawe "kitu kipya" anaweza kuwa amenunua tatizo.

Serikali nayo iliwahi kuutumia umri wa mashine kama kipimo. Katika hotuba ya bajeti ya mwaka 2009 waziri wa fedha wa wakati huo, Syda Bbumba, alitangaza marufuku ya kuingiza kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, na utekelezaji ukaanza mwaka uliofuata. Hofu ya taka za kielektroniki ilikuwa ya kweli, na bado ni ya kweli. Ila umri wa mashine ni kipimo dhaifu. Kompyuta mpya ambayo draiva zake zinategemea hisani ya kiwanda itakuwa taka kabla ya ile ya zamani ambayo draiva zake zinatunzwa na jamii nzima ya watengenezaji. Kama tunataka kupunguza taka, swali la kuuliza mpakani ni nani atakayeitunza draiva hii baada ya miaka mitano.

Printa zinastahili neno lao. Pale Nasser Road na kwenye vibanda vya kuchapishia kazi za wanafunzi karibu na Makerere, printa ndiyo mtaji. Na printa ndizo zilizoanzisha ugomvi huu wote: karibu mwaka 1980, kwenye maabara ya akili bandia ya MIT, mwanaprogramu Richard Stallman alinyimwa msimbo wa programu ya printa ya leza ya Xerox, akashindwa kuirekebisha itoe taarifa karatasi inapokwama. Septemba 1983 akatangaza mradi wa programu huria wa GNU. Miaka zaidi ya 40 imepita na printa bado zinatusumbua. Canon LBP2900 inazungumza lugha ya Canon peke yake, CAPT, na kuifanya itii Linux ni kazi ya kuchosha. HP LaserJet 1020 haihifadhi fimwea yake. Inapaswa kupakiwa upya kila printa inapowashwa, na kwenye mji ambao umeme unakatika na kurudi, hiyo ni kero ya kila siku. Wakati huohuo, printa yoyote inayoelewa PostScript, au zile mpya zinazopokea kazi kwa itifaki ya IPP, zinachapisha bila draiva yoyote ya kampuni. Anayefungua kibanda leo akilijua hilo tu, amejiokolea pesa nyingi.

Linux ina bahati kwa sababu ina watu wengi. Mifumo midogo zaidi ina hali ngumu zaidi. FreeBSD, kwa mfano, ndiyo iliyotumika kwa miaka kuwafundishia wahandisi wa mitandao wa Afrika kwenye warsha za AfNOG, kundi la waendeshaji wa mitandao barani, na Kampala ilikuwa mwenyeji wa mikutano yao mwaka 2003 na tena 2019. Kwenye seva mfumo huo ni wa kuaminika. Kwenye laptopu, wifi yake imekuwa nyuma kiasi kwamba baadhi ya watumiaji huendesha Linux ndogo ndani ya FreeBSD ili tu waazime draiva yake. Nawaheshimu kwa uvumilivu wao, ila nisingemshauri mwanafunzi aanzie hapo.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linatuumiza sisi kuliko linavyomuumiza mtumiaji wa Berlin. Yeye akikosa draiva anachomeka waya wa mtandao ukutani na kupakua. Huku kwetu dawa ya kwanza ni kuchomeka simu kwa waya wa USB na kuigeuza modemu, na ninamshauri kila anayesakinisha Linux ajifunze hilo kabla ya lingine lolote, kwa kuwa njia hiyo karibu kila mara hukubali bila draiva ya ziada. Lakini bando linalotumika ni la kulipia, na tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Furushi la fimwea peke yake ni mamia ya megabaiti. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano hivi. Aliyekuwa katikati ya kutafuta draiva alikaa na mashine kimya. Draiva iliyomo ndani ya kerneli haihitaji bando wala ruhusa ya mtu. Kwa nchi yenye mtandao ghali na unaoweza kukatwa, hilo ni jambo la msingi.

Hatuanzi sifuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kule Nkozi, barabara ya Masaka, kiliamua kuhamia programu huria, kwanza kwenye seva na kisha kwenye kompyuta za watumiaji. Kilifanya hivyo wakati draiva zilikuwa ngumu mara kumi kuliko leo. Wizara ya Afya inaendesha takwimu za vituo vya afya nchi nzima kwa DHIS2, ambayo ni programu huria. Wizara ya TEHAMA iliandaa sera ya programu huria mwaka 2014, na Agosti 2016 Kampala ikapokea Idlelo, mkutano wa Afrika wa programu huria. Tatizo letu limekuwa kwamba sera hukaa ofisi moja na manunuzi hufanyika ofisi nyingine. Anayeandika vigezo vya zabuni huandika ukubwa wa RAM, upana wa skrini na miaka ya dhamana. Draiva haitajwi. Kompyuta zikifika na wifi isiyotii Linux, uamuzi wa kutumia Windows unakuwa umeshafanywa na chipu, na sera inabaki kabatini.

Nimesikia hoja ya upande wa pili na si ya kupuuzwa: ofisi zimezoea Word na Excel, mafundi wa Linux wilayani ni wachache, na mwalimu wa kompyuta kule Kaabong hana wa kumpigia simu. Kweli kabisa. Lakini sharti la draiva halimlazimishi mtu kuiacha Windows. Kifaa ambacho draiva yake imo kwenye kerneli rasmi kwa kawaida kinafanya kazi kwenye Windows pia; kinampa mnunuzi uhuru wa kuamua leo, na tena baada ya miaka mitano pale Windows itakapomfungia mlango kama ilivyofanya Oktoba ile. Hakuna anachopoteza. Na uchache wa mafundi unapona vifaa vikiwa vya aina chache zinazojulikana, maana suluhisho lililopatikana Gulu litafanya kazi Mbarara.

Hivyo ninachoomba ni kifungu kimoja. Kila zabuni ya kompyuta inayotolewa chini ya sheria ya manunuzi ya umma ya mwaka 2003 iseme kwamba wifi, sauti, skrini, kamera na usingizi wa mashine vifanye kazi kwa draiva zilizomo kwenye kerneli rasmi ya Linux, bila kupakua chochote kutoka kwa muuzaji, na kwamba mzabuni atathibitisha kwa kuwasha mashine kutoka kwenye flashi mbele ya kamati. Printa ziseme PostScript au IPP. Kifungu hicho hakitaji kampuni yoyote, hivyo hakimpendelei wala kumwonea mzabuni. Hakiongezi gharama, kwa sababu mashine zinazokitimiza zimejaa sokoni. PPDA, mamlaka ya manunuzi ya umma, inaweza kukiweka kwenye vielelezo vyake. Tume ya Mawasiliano, ambayo mfuko wake wa mawasiliano vijijini umepeleka maabara za kompyuta kwenye shule za sekondari za serikali, inaweza kuanza nacho kwenye maabara inayofuata. Makerere inaweza kukipitisha kwenye kamati yake bila kusubiri mtu.

Nawe msomaji, mkuu wa shule, mzazi au mwenye duka, usingoje serikali. Beba flashi yenye Linux unapokwenda kununua, na muuzaji akikukatalia kuiwasha, nenda duka la pili. Mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na vigezo vya manunuzi huandikwa miezi kadhaa kabla. Wanaoviandika wakiongeze kifungu hicho safari hii.